Waraka kwa Wanachama: Safari Haijaisha Mpaka Hema Limekauka

Kwa wanachama wote, wa zamani na wapya

YAH: MAANDALIZI YA SAFARI ZA KIANGAZI NA UTUNZAJI WA VIFAA VYA CHAMA

Ndugu wanachama,

Masika yanaelekea ukingoni na simu zimeshaanza kuingia: Lushoto ni lini, Meru nafasi zimebaki ngapi, mahema yapo? Ari hii inanipa moyo, na ninaomba isipoe. Hata hivyo nimeona niandike kabla daftari la majina halijafunguliwa, kwa kuwa kikaoni zamu ya mtunza vifaa huja mwisho, wakati watu wameshainuka kuwahi daladala.

Wengi wetu tunaihesabu safari toka getini hadi getini. Tukishashuka mlima, tukanawa, tukala na kupiga picha ya pamoja, tunaona shughuli imekwisha. Hema linasukumwa nyuma ya mlango wa sebule. Viatu vinaachwa na tope lake. Jiko linarudi stoo na masizi. Miezi miwili baadaye mwenzetu mwingine anakabidhiwa hema lile lile. Analifungua jioni, mvua inaanza kudondoka, mikono ina baridi, na zipu haifungi. Safari ya mtu huyo tuliiharibu sisi, hata kabla hajajua kwamba atakwenda. Ombi langu katika waraka huu wote ni moja: tukubaliane kwamba safari imekwisha siku vifaa viliporudi stoo vikiwa safi, vikavu na vimekaguliwa, na kwamba mipango ya safari inayofuata inaanzia hapo hapo.

Nianze na mipango, maana kifaa kizuri mikononi mwa mtu asiye na mpango hakimsaidii kitu.

Tarehe ipangwe kwa kufuata mvua kwanza, likizo baadaye. Masika ni Machi hadi Mei, vuli huanguka kati ya Oktoba na Desemba, na sisi wa kaskazini tunategemea kiangazi cha Juni hadi Septemba na kile kifupi cha Januari na Februari. Hayo kila mtu anayajua. Kinachosahaulika ni kwamba milima ina mvua zake. Usambara njia zake za udongo mwekundu zinateleza wiki nyingi baada ya masika kukatika, na Uluguru upande wa mashariki hunyeshewa karibu mwaka mzima. Kilimanjaro, upande wa kaskazini ni mkavu kuliko wa kusini. Ndiyo maana safari yetu ya Septemba tumeipangia njia ya Rongai.

Mvua ya kuogopwa zaidi ni ile usiyoiona. Jirani zetu wa Kenya wana msiba ambao kila kiongozi wa safari anapaswa kuujua. Aprili 2012, vijana wa kikundi cha kanisa walisombwa na maji ndani ya korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, na saba kati yao wakafariki. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yakaua tena watalii na kiongozi wao mahali hapo hapo. Korongo jembamba hukusanya maji ya mvua iliyonyesha mbali huko juu, na huweza kujaa kwa muda mfupi hata kama pale uliposimama jua linawaka. Kwa hiyo kiongozi asiishie kutazama mawingu yaliyo juu ya kichwa chake. Aulize wenyeji na askari wa hifadhi kumenyeshaje juu, tena aulize asubuhi ile ile ya kuingia.

Baridi nayo inapigiwa hesabu nyumbani. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chukua usiku wa Julai hapa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kipima joto kinasoma nyuzi 13. Kilele cha Meru kiko mita 4,566. Tofauti ni zaidi ya mita 3,000, maana yake unapoteza nyuzi 20 na kidogo, na unasimama kileleni alfajiri kwenye nyuzi kama 7 chini ya sifuri, upepo haujahesabiwa. Anayefanya hesabu hiyo mezani hatajiuliza kama glovu ni za lazima. Asiyeifanya huja na sweta la ofisini, na mimi mtunza vifaa ndiye ninayetafutwa usiku wa kuamkia safari.

Kuhusu mwinuko sitaki tubembelezane. Kanuni inayofuatwa na waganga wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale juu zaidi ya mita 500 hivi kuliko ulipolala jana. Sasa tazameni Meru: kibanda cha Miriakamba kipo mita 2,514 na cha Saddle mita 3,570. Ni mruko wa zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja, na usiku huo huo saa nane watu wanaamshwa kwenda kileleni. Ndiyo sababu mwaka huu tunaongeza usiku mmoja pale Miriakamba, siku nzima ya kutembea taratibu kwenye sakafu ya kreta, na mchana wa kufika Saddle tutapanda Meru Ndogo, mita 3,820, kisha turudi kulala chini yake. Gharama itaongezeka. Najua kuna watakaonung'unika, na ninawaelewa, kwa kuwa ada za hifadhi si mchezo. Lakini afadhali tupeleke watu wachache watakaolipa usiku huo kuliko wengi wanaotapika kwenye ukingo wa Rhino Point.

Mtu akiumwa kichwa, akakosa hamu ya kula, akapata kichefuchefu, apumzike, asipande zaidi mpaka apate nafuu. Akianza kuyumba, akishindwa kutembea katika mstari mmoja, akizungumza yasiyoeleweka, au akihema kwa nguvu na kukohoa hata akiwa amekaa, anashushwa wakati huo huo, iwe mchana au usiku, na haachwi peke yake. Kuhusu dawa za mwinuko, kila mtu amuulize daktari kabla ya safari, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Na neno la kiongozi katika jambo hili halijadiliwi, hata kama anayeshushwa ni mzee wetu aliyekianzisha chama.

Chakula kinahitaji neno lake, kwa sababu hapa gesi yetu nyingi inapotea bure. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Pale kibanda cha Kibo, Kilimanjaro, mita 4,720, yanachemka kwenye nyuzi 84 au 85 tu. Unaweza kuweka makande jikoni toka mchana hadi usiku: sufuria inatokota vizuri, mvuke unapanda, na punje za mahindi zinabaki ngumu vile vile. Maharage yaivie nyumbani au yasiende kabisa. Kinachofaa juu ni uji, tambi, supu, viazi vilivyochemshwa tangu chini, karanga, ndizi za kukausha, chai yenye sukari ya kutosha. Mpishi apige hesabu ya gesi pamoja na chai za usiku, ambazo watu huziomba sana na huzisahau kwenye orodha. Maji pia: kwenye njia ya Marangu kituo cha mwisho cha kuchota kiko kati ya Horombo na Kibo, na pale Kibo hakuna kijito, hata kwa sisi tutakaofika kutokea Rongai. Ipangwe mapema nani anabeba kiasi gani.

Kila safari iache karatasi mjini. Si ujumbe wa simu kwa mke au kaka, ni karatasi: majina ya wote, namba za jamaa zao, njia tutakayopita, mahali pa kulala kila usiku, siku na saa ya kurudi, na saa ambayo, tusipoonekana, mwenye karatasi atapiga simu hifadhini. Mwenye kubaki nayo awe mtu mzima anayejua kwamba amepewa kazi. Saa ya kugeuka nayo iandikwe kabla hatujaondoka. Huku kwetu karibu na Ikweta jua halina jioni ndefu. Likizama, ndani ya nusu saa ni giza. Kundi ambalo saa kumi alasiri bado linapanda Lupanga au vilima vya Lushoto, huku tochi zimebaki kwenye gari, halijapatwa na bahati mbaya. Halikupanga.

Tukiajiri wapagazi, mizigo ipimwe nyumbani kwa mizani, si kwa kuinua kwa mkono. Kilimanjaro mpagazi haruhusiwi kupewa zaidi ya kilo 20, na getini wanapima. Kilo zinazozidi hazipotei hewani: zinahamia mgongoni kwa mtu mwingine au zinatupwa pale pale. Naomba pia mahema wanayolala wapagazi yatoke katika orodha ile ile ya mahema mazuri. Sitatoa hema bovu kwa kisingizio kwamba ni la wapagazi.

Sasa nije stooni.

Mwezi uliopita nililifungua uani hema moja la watu watatu lililokuwa limekaa tangu Januari. Lilikunjwa likiwa na maji. Sakafu yake ilikuwa imegandana, na nilipoitenganisha utando wa ndani ulibaki vidoleni ukinata, na harufu kali ikajaa uani. Juu ya mishono palikuwa na vidoti vyeusi vya kuvu, vile visivyotoka kwa sabuni yoyote. Kwenye kona kulikuwa na ganda la ndizi lililokauka, na pembeni yake tundu la panya la upana wa kidole gumba. Zipu ya mlango ilikuwa imejaa changarawe laini ya mlimani. Hema hilo lilikuwa mojawapo ya mahema yetu bora. Leo halizuii mvua, na fedha za kununua jingine hazimo katika bajeti ya mwaka huu.

Simtaji aliyelirudisha, wala si lengo langu. Nataka tuelewe kilichotokea. Kitambaa cha hema peke yake hakizuii maji. Kinachozuia ni utando mwembamba wa plastiki uliopakwa upande wa ndani. Unyevu na joto huuvunja utando huo polepole. Kila hema litafika huko siku moja, lakini hema linalofungiwa mbichi ndani ya stoo yenye bati linafika mapema mno. Ukirudi Jumapili usiku umechoka, hutakiwi kuliosha usiku huo. Unatakiwa ulitoe mfukoni, ulitandaze hata juu ya viti, na asubuhi ulianike kivulini penye upepo mpaka mishono na kamba zikauke kabisa. Ninasema kivulini kwa kusudi, kwa kuwa jua kali huchakaza nailoni. Hema lililoachwa limesimama uani wiki nzima huzeeka kuliko lililokwenda milimani.

Kuosha ni maji ya vuguvugu, sponji laini na sabuni ya kawaida isiyo kali. Sabuni ya unga hapana, mashine ya kufulia hapana. Likung'utwe kwanza ndani na nje. Majivu na mchanga wa volkano wa Meru hula meno ya zipu. Chukua mswaki wa zamani, sugua kwa maji, acha ikauke, kisha pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno. Kazi ya dakika tano. Zipu ikishaachia, mafundi cherehani wengi wa mtaani hawana ya kufanana nayo, na ndiyo maana mahema mengi mazima yanatupwa kwa sababu ya zipu tu. Nguzo zikunjwe kuanzia katikati kwenda ncha, ili mpira wa ndani usivutwe upande mmoja. Vigingi vihesabiwe. Mwisho wa yote, hema lisishindiliwe kwenye mfuko wake mdogo kwa ajili ya kuhifadhiwa. Stoo ina magunia ya pamba, tuyatumie.

Viatu ni mali ya mtu binafsi, lakini buti la mmoja likifa njiani linasimamisha kundi zima, kwa hiyo nitalisemea. Toeni soli za ndani, fungueni kamba, shindilieni magazeti ndani, badilisheni magazeti yakilowa, mkaushe kivulini. Msiviweke karibu na jiko. Moto hulegeza gundi na kupasua ngozi. Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Buti nyingi zina tabaka la povu laini kati ya soli na ngozi, na povu hilo huoza kwa unyevu wa hewa hata kama buti hazijavaliwa. Mtu ananunua buti nzuri sokoni, za mtumba, zinaonekana mpya, soli haijachakaa hata kidogo. Zimekaa kabatini Ulaya miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Siku ya pili mlimani soli nzima inang'oka na povu linamomonyoka. Siwazuii kununua mtumba. Nusu ya vifaa vyetu vimetoka huko na vimetutumikia vizuri. Ninachosema ni kwamba kabla hujalipa, pinda buti kwa nguvu, bonyeza povu kwa kidole gumba ukitafuta nyufa na unga, kisha livae kutembelea mjini wiki kadhaa. Kama kuna shaka, mpelekee fundi viatu aishone soli kuzunguka mapema, si jioni ya kuamkia safari. Na kila kundi libebe waya mwembamba na utepe mgumu wa gundi wa kufungia.

Mifuko ya kulalia ya chama ni ya aina mbili. Ile ya manyoya ya bata ni ghali na myepesi, lakini ikilowa haikupi joto. Ile ya nyuzi za viwandani ni mizito na inavumilia unyevu zaidi. Zote mbili adui yake ni kushindiliwa muda mrefu, kwa maana joto linatokana na hewa iliyonaswa ndani, na mfuko uliobanwa miezi sita haufumuki tena sawasawa. Ikirudi, itundikwe au iwekwe ndani ya gunia kubwa. Ili tusiifue mara kwa mara, kila mtu alale ndani ya shuka lake lililoshonwa mfuko, arudi nalo kwake akalifue. Mfuko wa manyoya ukilazimika kufuliwa, nileteeni mimi, maana kuukausha ni kazi ya siku kadhaa za kuvunjavunja mabonge kwa mikono. Mnaoazima someni lebo: ina joto la kulala kwa raha na joto la kikomo. Chagueni kwa lile la kwanza.

Makoti ya mvua yakiacha kutiririsha maji, mengi hayajafa, ni machafu. Yafuliwe kwa sabuni laini, yasuuzwe sana, yakauke, kisha yapigwe pasi ya moto mdogo kabisa juu ya kitambaa, kama lebo inaruhusu. Dawa ya kulainisha nguo isiyaguse. Tochi zitolewe betri kabla ya kurudishwa. Betri zikivuja ndani hazisameheki, na usiku wa kilele betri za akiba zikae ndani ya nguo karibu na mwili, maana baridi huzinyonya. Sanduku la huduma ya kwanza lirudi na orodha ya kilichotumika.

Majiko ninayatenga peke yake kwa sababu ya uzito wake. Hakuna anayepika ndani ya hema lililofungwa, hata mvua ikinyesha. Gesi isiyoonekana, ya kaboni monoksidi, huua watu wakiwa usingizini, na kitambaa cha hema hushika moto upesi. Mpira wa jiko ukaguliwe nyufa, maungio yapakwe maji ya sabuni kuona kama yanatoa mapovu. Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la vichaka vya juu Kilimanjaro kwa siku nyingi, na taarifa za awali zilitaja watu waliokuwa wakipasha chakula. Wanakijiji na wanafunzi walipanda kusaidia kuuzima. Hatutaki jina la chama chetu liandikwe katika habari ya namna hiyo.

Utaratibu kuanzia sasa ni huu. Kila kifaa kina namba, na kila anayeazima anatia saini daftarini. Kifaa kinarudi ndani ya siku saba, kikiwa kikavu, na kinafunguliwa mbele ya macho ya aliyekileta. Kilichoharibika kielezwe bila woga: hema lililochanwa na mti hakuna atakayemlaumu mtu, tutalishona. Linalotuumiza ni lililofichwa. Wanachama wapya wataanza kwa zamu ya stoo pamoja nami kabla ya safari yao ya kwanza ya kulala nje, na wazee wetu wenye uzoefu nawaomba wafike angalau mara moja wawaonyeshe kwa mikono yao, kwa sababu vijana wanawasikiliza ninyi kuliko wanavyosikiliza karatasi.

Stoo itakuwa wazi kila Jumamosi ya Juni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Leteni vyote mlivyo navyo majumbani, hata kigingi kimoja, hata mfuko mtupu. Nafasi za Lushoto zitatolewa kwa idadi ya mahema yatakayokuwa yamepita ukaguzi kufikia mwisho wa Juni, na za Meru kwa idadi ya mifuko ya kulalia iliyo mizima. Orodha ya majina itafuata baada ya hapo.

Wenu katika chama,
Mtunza Vifaa